Binamu wa Kiwanja Ishirini na Mbili

Vernon Lindqvist alifariki Jumanne, saa nne kasoro asubuhi, bomba la majitaka likiwa bado mkononi mwake. Harufu ilitufikia kabla ya habari. Mzee mwenyewe angecheka.

Sisi tunaoishi ndani ya magari mwaka mzima hatugombanii mengi ila mahali pa kuegesha, theluji ikianza kaskazini. Katika kambi yetu, hapa jangwani nje ya mji wa Yuma, orodha ya wanaosubiri nafasi ni ya miaka minne, na kiwanja namba ishirini na mbili ndicho kinachomezewa mate: kina mti wa kivuli, umeme wake haukatiki, na ukifungua dirisha unaona mlima. Vernon na mkewe Orpha walikaa hapo vipupwe kumi na kimoja.

Sasa Orpha alikuwa na nyonga mbovu na gari refu asilojua hata kulirudisha nyuma. Nyumba yao ya kaskazini, huko Minnesota, waliiuza zamani. Dolores Ybarra, msimamizi wa kambi, alimweleza huku akitazama viatu vyake mwenyewe: mkataba ni wa watu wawili. Kama hapatikani ndugu wa kujaza nafasi ya marehemu kufikia Ijumaa, kiwanja kinarudi kwa kambi. Tukabandika tangazo kwenye chumba cha kufulia, kwamba ndugu yeyote wa Vernon ajitokeze.

Lyle Haskett alilisoma akisubiri soksi zake zikauke. Huyu alikuwa amefukuzwa kambi tatu tangu Septemba, na ulimi wake ungeweza kumuuzia hata ngamia mchanga wa jangwani. Alisoma mara mbili, akavua kofia, akaiweka kifuani. Ndivyo alivyofiwa.

"Shemeji!" alilia mlangoni kwa Orpha. "Vernon wetu! Binamu yangu!"

Orpha alimtazama juu ya miwani. "Wewe wa upande gani?"

"Wa mama. Tumekua pamoja, shemeji. Tumelala kitanda kimoja, tumeiba matufaha pamoja. Aliniambia, 'Lyle, nikiondoka, nafasi yangu ni yako.'"

"Alisema hivyo?"

"Kwa machozi."

"Vernon, kwa machozi." Orpha alisogeza sahani ya biskuti. "Kula, shemeji. Umekonda kwa majonzi."

Lyle alikula saba. Kichwani alishapanga yote: jina lake likiingia kwenye mkataba, mjane atatafutiwa nafasi kwa dada yake fulani huko Fargo, kwa upole sana, na yeye atanyoosha miguu chini ya mti.

"Mimi sitaki matatizo," alisema Orpha. "Lakini itabidi uapishwe mbele ya mwanasheria kwamba ni ndugu wa damu."

"Hata mara mbili!"

Akaapa Alhamisi, ofisini, mkono juu, sauti ikitetemeka vizuri. Dolores akamsukumia karatasi. "Soma kwanza, bwana."

"Dada, damu haisomi mkataba," alijibu Lyle, akasaini. Hati za gari lake akazitoa mwenyewe, kwa madaha, zikafungiwa kabatini hadi mwisho wa Aprili, kama ilivyo desturi ya kambi kwa kila anayeingia kwa msimu.

"Haya, shemeji," akasema, akijinyoosha. "Twende nikaone kiwanja changu."

"Kiwanja ni changu," alisema Orpha. "Katika mkataba, upande wa mke ni kukaa. Wewe umechukua upande wa Vernon."

"Upande wa Vernon ni upi?"

Dolores akamkabidhi glovu ndefu za mpira, brashi, na funguo za vyoo. "Kukaa bure kuna kazi yake, na aliyeifanya ni Vernon. Vyoo kila siku, mashimo ya majitaka kila Jumanne na Ijumaa. Gari lako utaliegesha kule nyuma, karibu na mashimo."

Lyle alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Jamani, mimi nilitania! Mimi si binamu yake!"

Mwanasheria, aliyekuwa akifunga mkoba, aliufungua tena. "Umesema hukusema kweli ulipoapa?"

"Sijasema hivyo," alisema Lyle haraka. "Nimesema... ni uchungu tu, mzee."

"Pole," akasema mwanasheria.

Orpha alitoka naye taratibu, akimshika mkono kama mtu wa familia. Nje alisimama kidogo, akatazama mlima.

"Vernon alilelewa kwenye kituo cha mayatima, shemeji," akasema. "Maisha yake yote alitamani awe na binamu."

Akapangusa macho, machozi ya kweli haya, akaenda kuwasha jiko.

Lyle anaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi, na vyoo vya upande wa mashariki.