Kinyozi Chini ya Vikwazo

Jumatatu, 4 Machi

Nimefungua saluni, nimefagia, nimewasha redio. Hali ya dunia mbaya. Hali ya saluni mbaya zaidi. Wateja wote wako kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, tunayemwita Skrini tangu alipotundika televisheni pana kama kitanda. Wananyolewa huku wanatazama vita. Picha tupu, uchambuzi hakuna! Mimi uchambuzi ninao wa kumwaga.

Mchana kapita mwenye nyumba. Kachungulia viti vitupu, kasema kuna muuza magodoro anakitaka chumba hiki, na mwisho wa mwezi ataamua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Kaondoka akipapasa nywele zake. Ana nywele nyingi kweli, kwa umri ule!

Nyumbani mke wangu kauliza wateja wamekimbizwa na nini. Nimemjibu ni mvutano wa madola makubwa. Kasema ni mdomo wangu. Kila mtu na mtazamo wake.

Jumanne, 5 Machi

Mkakati wa kwanza. Nimebandika tangazo mlangoni: NYOA KICHWA, UONDOKE NA DUNIA.

Kaingia mmoja tu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Nimemtangazia kwamba yale mataifa mawili yanayogombania mlima yamesitisha mapigano, na kwamba mimi nilishatabiri zamani. Sijamaliza shavu la kushoto, redio ikasema mapigano yameanza upya. Nikamweleza kuwa hiyo ilikuwa awamu ya pili ya utabiri. Mwalimu akasema, kwa upole wake, kwamba hata mlima wenyewe nimeuhamishia bara lisilo lake. Nikamjibu kuwa siasa haiangalii milima ilipo.

Shavu la kulia kaenda kulimalizia kwa Skrini.

Jumatano, 6 Machi

Upelelezi. Nimevuka barabara kwa kisingizio cha kuazima spiriti. Nimeketi kwenye benchi na wateja wangu wa zamani, wakajifanya hawanijui. Kwenye televisheni wakubwa wa dunia walikuwa kikaoni, mmoja akanyoosha mkono kupiga kura ya turufu. Uvumilivu ukanishinda. Nikasimama mbele ya skrini kuwafafanulia kura ya turufu ni nini. Wakaniomba nisogee. Nikawaambia nami naipigia kura ya turufu hoja yao.

Skrini alinishika kiwiko akanisindikiza mpaka nje, halafu akanipa chupa nzima ya spiriti. Nimeipokea kama msaada wa kibinadamu.

Alhamisi, 7 Machi

Siku niliyoingoja! Mwenye nyumba kaja mwenyewe, kaketi kitini. Anataka kupunguzwa kidogo tu, anakwenda kupiga picha ya pasipoti. Anasafiri kumwona binti yake anayesoma mbali, miaka sasa hawajaonana. Nikajua hapa chumba kimepona.

Akauliza kama huko njiani kuna usalama. Swali dogo. Yeye ndiye aliyeuliza!

Nikamwambia tuchukulie hapa ndiyo kaskazini, nikamgusa utosi. Huku kusini, nikamgusa kisogo. Sasa majeshi yameingilia huku, yakasonga hivi, mstari wa mbele ukapita hapa. Nikauonyesha. Kitana kilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na mashine, na mashine ilikuwa inanguruma.

Mwenye nyumba akauliza mbona anahisi upepo.

Mstari ulitoka sikio hadi sikio, umenyooka ajabu. Sijawahi kuchora vizuri namna ile. Ikabidi niziondoe kaskazini na kusini zote, kusiwe na upendeleo. Alijitazama kiooni muda mrefu. Akasema binti yake hatamtambua. Hapo roho iliniuma, nakiri.

Picha kaiahirisha.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda roho juu. Mke wangu katoka asubuhi bila kuaga, kumbe kaenda kwa mwenye nyumba. Upatanishi ambao sikuuomba! Karudi na masharti.

"Hakufukuzi," aliniambia. "Lakini mpaka nywele zake ziote, redio uzime, na ukimtajia mteja jina la nchi yoyote, unahama."

Nimelalamika kwamba makubaliano yamefikiwa bila mimi kushirikishwa. Kauliza kama ningependa kushirikishwa kubeba viti barabarani. Nimeridhia, kwa shingo upande. Kuanzia leo niko chini ya vikwazo.

Alhamisi, 14 Machi

Kimya. Mashine tu. Midomo nimeing'ata mpaka imevimba.

Jambo la kushangaza: mwalimu kaja juzi, kalala usingizi kitini, jana karudi na kaka yake. Leo benchi limejaa. Wanasema televisheni ya Skrini inapiga kelele kutwa nzima, mtu anatoka amenyolewa vizuri lakini kichwa kimejaa maiti za watu asiowajua. Mwalimu alipokuwa akivaa kofia alisimama mlangoni.

"Mtaa mzima," alisema, "hapa peke yake ndipo vita havijafika."

Nimefurahi sana. Ni heshima kubwa kwa uchambuzi wangu wa miezi iliyopita.

Ijumaa, 29 Machi

Ushindi! Mwenye nyumba kapita, kakuta watu wamesimama kwa kukosa pa kukaa, mmoja wao Skrini mwenyewe, kaja kunyolewa na kupumzisha masikio. Hapo hapo kamwambia muuza magodoro atafute kwingine. Chumba ni changu. Nywele zake zimeota, zinapendeza. Kesho asubuhi anakuja nimchonge kidogo pembeni, kisha anapitiliza kwa mpiga picha. Vikwazo vimeondolewa rasmi.

Mke wangu kasema bila shaka sasa nimeelewa watu wanataka nini. Nimeelewa, tena sana! Wiki tatu hizi wamejazana pale bila kusema neno, wanasubiri nifungue mdomo. Ningekuwa sina huruma ningewaacha wasubiri zaidi.

Nimeandaa hotuba. Nitaanza na mgogoro wa mipaka ya bahari, maana mwenye nyumba atapita juu yake kwa ndege. Una kona nyingi, hauelezeki bila mchoro. Mashine nimeshaitia mafuta.