Konokono wa Mahari

Wichian alikuwa na kipaji kimoja: akiona mtu anatupa kitu, alijua papo hapo nani atakinunua. Asubuhi hiyo ya mvua alikuwa amejibanza chini ya ukuta wa hoteli ya Mama Rampai, kule Mae Rim, nje kidogo ya Chiang Mai, mara ndoo nzima ya konokono ikamwagwa kutoka upande wa pili na kumwangukia kichwani. Mtunza bustani alikuwa anasafisha matuta. Mtu mwingine angetukana ukoo mzima. Wichian alifuta ute shavuni, akajipapasa, akahisi ngozi imelainika, akacheka peke yake.

Shida yake ilikuwa mahari. Alikuwa amemposa Orapin, binti anayekanda wageni katika hoteli hiyohiyo, na baba mtu alitaka baht laki moja, zipangwe kwenye sinia kila jirani azione. Wichian alikuwa na pikipiki, viatu vya kung'aa na mdomo.

Kesho yake aliingia kwa Mama Rampai kupitia mlango wa mbele, kakumbatia kisanduku cha hariri.

"Mama, wageni wako wamechoka kupumzika," alisema.

"Wamechoka vipi?"

"Mawe ya moto wameshayalalia. Tope wameshapakwa. Maziwa wameoga mpaka ng'ombe wamenung'unika. Wale mabibi wa Bangkok wanataka kitu ambacho mashoga zao hawajawahi kukiona."

Akafungua kisanduku. Ndani alikaa konokono mmoja, kaoshwa, kapakwa mafuta ya nazi.

"Huyu ni wa mlima wa ukungu. Analelewa na watawa, hali kitu ila maua ya yungiyungi. Akitembea usoni mwa mtu, anaondoka na miaka kumi."

"Mbona anafanana na wale wanaokula kabichi zangu?"

"Ah, mama! Wewe na mpishi wako wote mna macho mawili, lakini mwenye hoteli ni nani?"

Mama Rampai alicheka mpaka bangili zikalia. Akanunua thelathini. Ukweli ni kwamba konokono wenyewe walikuwa wale wakubwa waliotoka Afrika zamani, wakaja kula mboga za watu bila kuomba ruhusa.

Bibi wa kwanza alilazwa, akawekewa watatu usoni. Alikaa kimya nusu saa nzima, jambo ambalo mumewe hakuwa amelishuhudia tangu wafunge ndoa. Alipoinuka aliapa kwamba hajawahi kupata utulivu kama ule. Mumewe aliapa vilevile. Wiki hiyo nafasi zote zilijaa.

Mama Rampai naye hakuzaliwa jana. Watu wa huko hununua ndege au samaki wakawaachia huru, wapate thawabu. Basi akaongeza huduma: ukishakandwa, unalipa kidogo tena, unamwachia konokono wako bustanini aende na huzuni zako. Wageni walilia machozi. Na kwa kuwa hakuna bibi anayekubali kutembezewa usoni huzuni za mwenzake, kila wiki walihitajika wapya.

Kiangazi kilipoingia, konokono wa Mae Rim nzima wakajifukia ardhini. Kijani kilibaki sehemu moja tu, bustani ya Mama Rampai, inayomwagiliwa asubuhi na jioni. Wichian hakuhangaika. Alfajiri aliruka ukuta, akawaokota walioachiwa huru jana, akawaosha, na saa nne akawaleta kwa mlango wa mbele, akihema.

"Njia ya mlimani itaniua, mama."

"Pole, mwanangu. Kunywa chai."

Siku moja Orapin alimsubiri kwenye ngazi za chumba cha kukandia.

"Kaka Wichian, hawa konokono kweli wanatoka kwa watawa?"

"Pin! Mimi nikudanganye wewe? Mgongo huu ndio uliowabeba."

Orapin alimtazama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia, lakini Wichian alikuwa anatazama kisanduku.

"Haya," Orapin akasema.

Kufikia Januari mahari ilishatimia, na ziada juu yake. Mwenye akili angekwenda kuoa. Wichian akaanza kuota gari la kubebea mizigo, jekundu, lenye jina lake ubavuni. Ndipo Mama Rampai alipomwita.

"Jumamosi napokea harusi ya matajiri. Nataka konokono mia tano. Nitakulipa bei mara tatu. Ila safari hii weka dhamana. Juzi mtu wa mishumaa kaniingiza mjini, simwamini tena hata mtawa."

"Dhamana kiasi gani?"

"Laki moja na nusu. Ukileta mzigo, chukua zako na faida. Usipoleta, zinabaki kwangu, tumemalizana."

Wichian alijiuma ulimi asicheke. Konokono mia tano wako hapo nje, wanamtafunia mama huyu maua yake, naye anawalilia! Akaweka yote aliyokuwa nayo, akatia sahihi.

Jumamosi alfajiri aliruka ukuta na magunia mawili, akatua katikati ya bata.

Walikuwa mia tatu, wale wa kuzungushwa mashambani baada ya mavuno ya mpunga wale wadudu na konokono. Walijaa kila tuta, midomo matopeni. Konokono wadogo waliwameza, wakubwa mchungaji wao aliwapasulia kwa kisigino. Konokono mzima hakuwepo hata wa dawa.

"Bata hawa wametoka wapi?" Wichian aliuliza.

"Mama kawakodi tangu jana asubuhi," mchungaji alisema. "Hebu waone walivyonenepa!"

Mama Rampai alikuwa barazani na chai yake.

"Karibu, mwanangu. Leo umepitia ukutani? Mlimani hakupitiki?"

Akamwonyesha gamba tupu. Chini yake palikuwa na nukta sita za rangi ya kucha, zimepangana vizuri.

"Huyu peke yake nimemnunua mara sita. Jamaa ameniaga zaidi ya ndugu zangu."

"Mama, ile dhamana..."

"Mia tano wako wapi?"

Wichian alikimbilia chumba cha kukandia, bata wakimpigia kelele njia nzima. Orapin alikuwa anakunja taulo.

"Pin, tumekwisha! Mama kawapaka konokono rangi!"

"Rangi ni yangu, nukta moja kila ulipowaleta," Orapin alisema. "Mama hakuwa ameona kitu. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

"Wewe? Zile zilikuwa pesa za mahari yako!"

"Nilikuuliza, Wichian. Mama angekuwa mjinga wetu sisi wawili. Ungeniambia ukweli siku ile, ningekushikia ngazi." Mikono iliendelea kukunja. "Ukaona na mimi niwe mjinga wako."

Orapin akainua taulo la juu. Chini yake palikuwa na sinia la shaba lililopangwa noti, safu kwa safu.

"Nusu laki Mama kachukua, hasara yake na ujira wa bata. Zilizobaki kanipa mimi."

"Laki moja kamili!" Wichian akapiga magoti, uso ukimng'aa. "Pin, mpenzi, basi mahari imetimia!"

"Imetimia," Orapin alisema, akilibeba sinia kuelekea mlangoni. "Jioni hii baba anaiweka sebuleni, majirani waje waitazame. Bwana harusi ndiye bado tunamtafuta."