Misonobari ya Mboko Imeshinda Ukame

Waheshimiwa wageni wafadhili, muliopita mawe ya barabara ya Makobola na kufika hapa Mboko mungali munatabasamu. Wakubwa wa territoire, kila mmoja kwa cheo chake na kwa kile anachokingojea. Machefu wa vijiji. Bapère na bapasta muliokubali leo kukaa benchi moja. Wazee wafugaji mulioshuka milimani. Wavuvi, bamotard wa pikipiki, na ninyi bamama, hata wewe mama Gentille uliyekuja na jembe kwenye sherehe: ninawasalimu wote, nikianza na mimi mwenyewe. (Makofi. Jembe la mama Gentille halishuki begani.)

Mimi Anatole, Mratibu Mkuu wa Komite ya Misonobari na Ukame, ninawatangazia kwamba projet yetu ya miaka miwili, iliyouliza swali linaloikosesha dunia usingizi, yaani, jua likikaza, ni msitu upi unaoendelea kukua, ule wa misonobari mitupu au ule wa misonobari iliyochanganywa na sipresi, imepata jibu, na jibu limetoka kwenye kilima kile munachokiona kwa mbali na ambacho, kwa sababu za kisayansi, hakuna anayeruhusiwa kukisogelea. (Wageni wanapiga picha. Kijani kinaonekana.)

Upande wa kushoto ni aina moja. Mizizi yote ilishuka kina kimoja, ikanyang'anyana maji yale yale, na mwezi wa saba mimea ikasimama kukua, nami nikaiandikia barua ya onyo. Upande wa kulia tulichanganya: huyu anakunywa juu, yule anakunywa chini, mmoja anamtilia mwenzake kivuli, na kwa mujibu wa rapport niliyoiandika na kuipongeza mwenyewe, ukuaji ulipanda kwa asilimia thelathini na saba nukta nne, hiyo nukta nne ikiwa mchango wangu binafsi. Zipo sehemu ambazo mchanganyiko ulileta ugomvi wa maji badala ya mapatano, lakini hizo tumeziundia komite ndogo. (Vicheko.)

(Mama Gentille anapaza sauti: « Bwana Anatole, shamba yangu iko ku kilima kile! Mihogo ikikawia mu udongo inakuwa ngumu sawa kuni! Ntachimba lini? »)

Darius, watafsirie wageni wetu: mama anashuhudia kwamba miti imekomaa, sasa inakaribia kuwa mbao! (Darius anatafsiri. Wageni wanafurahi sana, mmoja anafuta machozi.)

Misonobari! (« Oyee! ») Mchanganyiko! (« Oyee! ») Ukame! (« Oyee! ») Hapana, hapo munanyamaza.

(Mawingu yanakusanyika. Wageni wanaagana, wanawahi Uvira kabla ya mvua.)

Gari imevuka daraja? (« Imevuka! ») Basi mukae, tushukuriane kama watu wa nyumbani. Ninawashukuru bapère na bapasta, kwa kuwa miche ilifika kwa boti siku tatu kabla ya Noël, na moyo wangu munaujua: ningepandaje sapin hizo kilimani wakati makanisa hayana mti wa sikukuu? Hawa wakachukua misonobari mitupu, wale wakachanganya na sipresi, yote ikapambwa vizuri, na kabla ya tarehe kumi ya Januari yote ilikuwa imekauka. Hakuna aliyeitilia hata kikombe cha maji, na huo ndio ukame tuliouchunguza. Ninamshukuru mzee Sebasaza, aliyezuia ng'ombe wake miaka miwili wasile msitu ambao haukupandwa. Na kuliko wote ninamshukuru mama Gentille, maana mihogo yake ya kushoto, na ile ya kulia aliyoichanganya na maharagwe, ilikubali kupimwa na kuandikwa misonobari kwa nidhamu kubwa. Mama, kilima ni chako. Kachimbe.

(Mama Gentille ameshafika njiani. « Bamama, mukuje na bitunga ya kubebea mihogo! Tuone kama iko bado ya kupikika! »)

Lakini uache mistari michache upande wa barabara, mama! Wageni wamekubali awamu ya pili!

(« Awamu ya pili utaifanya mu shamba ya bibi yako! » Bibi yake Anatole, mkewe wa ndoa, aliyekaa mstari wa mbele, anavua viatu, anachukua kitunga, anamfuata. Uwanja mzima unapanda kilima.)

Asanteni! Asanteni sana! Na mimi munikumbuke na sombe, hayo majani ya msitu wetu!