Jinsi Pua ya Nyanda wa Kasoli Ilivyokombolewa

Siku zile mjinga alikuwa Nyanda ng'wana Mboje, na kwa kuwa amekwisha kukiri mwenyewe mbele ya mkewe na mbele ya ng'ombe zake, sisi wengine tuna ruhusa ya kucheka. Basi sogeeni, enyi mliouza pamba na enyi mnaoianika bado. Wa Kasoli kaeni mbele, wa Malampaka jibaneni nyuma, tulizeni vikohozi vyenu, mpate kusikia habari za tundu moja la pua na shujaa aliyelipigania kama mtu apiganiavyo mji wa baba zake.

Nyanda, Radi ya Bagalu, Koo Lisilokauka, alikuwa mwimbaji kiongozi wa chama chake cha ngoma. Nanyi mwajua desturi: Bagalu na Bagika, vile vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wakishindana, hucheza saa ile ile katika uwanja ule ule, wala hakuna hakimu ila miguu ya watazamaji, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Shindano lilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Ng'ambo ya uwanja angesimama Limbu wa Bagika, mtu mpole, asemaye mara moja kwa wiki. Na wazee wa Bagalu walikwisha kutamka: Nyanda akiimba tena kama mtu aliyetumbukia pipani, kiti chake atakikalia mwingine.

Nayo pua ilikuwa imeziba kwa siku ya ishirini na moja.

Yalianza kama mafua ya kila mtu. Nyanda akanunua kichupa cha matone ya oksimetazolini, akaambiwa siku tatu, basi. Akadondosha, na kabla ugali haujaiva malango yalifunguka, upepo wote wa Simiyu ukapita humo kwa shangwe. "Siku tatu ni za watu wasio na maadui," akanena, akaendelea. Siku ya sita, kila matone yalipoisha nguvu, pua ilijifunga kuliko mwanzo. Mtu mwingine angesoma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Nyanda amekulia kwenye ngoma, ambako kila mwimbaji huficha dawa zake na kuzishuku za mwenzake. Akauona mkono wa Limbu. Pua ikijifunga, Limbu ameongeza dawa. Basi naye huongeza matone. Vichupa vinne vilianguka katika vita hivyo, na Limbu alikuwa shambani kwake akichuma pamba, hana habari.

"Baba Salu," akasema mkewe Milembe, "hiyo vita mbona wewe tu ndiye unayepigwa?" Akamwitia bodaboda, akampeleka Bariadi.

Huko palikuwa na Violeth, mfamasia, mlinzi wa duka la dawa, binti asiyetikiswa na sauti kubwa.

"Mwadila, binti yangu," shujaa akanguruma salamu kwa sauti ya pipa. "Zipange dawa zako zote za pua hapa mezani. Zishindane. Itakayovuta zaidi ndiyo nitakayoondoka nayo."

"Mwadila, baba. Kwanza lete mkono." Akampima presha, akatazama namba, akazitazama tena. Ndipo akapanga maboksi, akanena kama mtu asomaye ukoo wa wafalme.

"Hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja, wote wamefanana na adrenalini, ile inayokukimbiza ukikutana na fisi. Huyu fenilefrini, ukimmeza, utumbo na ini vinamvunjavunja njiani. Anayefika puani ni kivuli chake. Huyu sudoefedrini ni mgumu, anafika. Lakini hafiki puani peke yake. Anazunguka mwili mzima, anaudunda moyo, anafukuza usingizi, anapandisha presha. Na yako, baba, tayari iko juu ya paa. Simtoi."

"Na matone yangu?"

"Oksimetazolini ni wa ukoo mwingine, ila anafungua kufuli lile lile. Anabana mishipa ya damu iliyovimba, palepale, ndani ya dakika chache. Ndiyo maana ulimpenda. Ukimzoea siku nyingi, akiondoka mishipa inavimba kwa hasira. Hujarogwa, baba. Umejiroga kwa kichupa."

Akampa amri za vita: tundu la kushoto lisionje tone tena tangu leo, la kulia lipate tone la usiku tu, nalo liache kushoto kukifunguka, na kila siku kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Ndipo kikaanza kile kitendo ambacho wajukuu watakisimulia: kutokudondosha. Siku ya pili Radi ya Bagalu alihema kwa mdomo kama fahali aliyevuta jembe mchana kutwa. Siku ya tatu alinyemelea gunia la mpunga alimoficha kichupa cha akiba, akamkuta Milembe amelikalia, anachambua mchicha.

"Mama Salu, tone moja tu. La kushoto."

"Lete kwanza maji ya chumvi."

"Chama kitanivua kiti."

"Kikuvue. Hili gunia hunivui."

Akarudi nyuma, maana hata majemadari hujua ngome isiyopandika.

Jumapili, alfajiri, akiwa zizini, tundu la kushoto likalia kama mluzi, na hewa ikapita. Moja tu, la kulia bado lilikuwa mikononi mwa adui. Kwa tundu hilo moja Nyanda akaimba, na vumbi la uwanja likapanda, na umati ukayumba huku na huko kama ng'ombe kwenye lambo, hata mwisho Bagalu wakawazidi Bagika kwa watu kumi na mmoja na mbuzi aliyepotea njia.

Nyanda akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. "Enyi watu, iandikeni siku hii. Pua ya ng'wana Mboje imeshinda. Violeth anasema ni mishipa, nami namheshimu, lakini Limbu aseme leo mbele yenu: ni nani aliyeniziba?"

Limbu akafuta jasho bila haraka.

"Nyanda, ningekuwa na dawa ya kuziba," akasema, "ningepoteza muda na pua yako, niuache huo mdomo?"