Jicho Chini ya Chokaa

Jumatatu, 7 Septemba 1953

Kanisa letu la Hvidlunde litatimiza miaka mia saba na hamsini tarehe ishirini. Askofu anakuja! Mtu mmoja atasimama mbele yake aeleze historia ya kanisa, na Mchungaji Hjalmar amemchagua Mwalimu Ragnhild Toft. Mimi, Thorvald Brask, ninayefagia kanisa hilo tangu nilipostaafu kiwanda cha siagi, sikuulizwa hata kwa adabu. Kisa nini? Babu wa mababu zake ndiye aliyetoa mimbari. Jina lake limechongwa pale, kubwa kama bango la duka. Sisi akina Brask hatuna hata msumari.

Haiwezekani. Lazima jina letu liwemo mle ndani. Nitalipata.

Jumanne, 8 Septemba

Nimelipata! Benchi la tatu, ubavuni: N.B. Niels Brask! Nikamkimbilia mchungaji. Kwa bahati mbaya Ragnhild naye alikuwepo, anapanga maua. Akavaa miwani, akainama, akasema hizo ni herufi za Nikolaj Bundgaard, alizichonga mwaka 1911 wakati wa mahubiri, na yeye mwenyewe ndiye aliyemchapa.

Mchungaji akakohoa ndani ya leso. Kikohozi kirefu.

Alhamisi, 10 Septemba

Mafundi wa zamani walipenda kuandika majina mahali pasipofikiwa na macho. Kwa hiyo asubuhi, kanisa likiwa tupu, nikaegemeza ngazi nichungulie juu ya paa la mimbari. Juu palikuwa na vumbi na popo mfu. Ngazi ikateleza, ikaupiga ukuta wa kaskazini. Mimi nikabaki nimening'inia kwenye mimbari ya akina Toft kama koti.

Niliposhuka, nikaona chokaa imebanduka, kipande cha ukubwa wa sahani. Na ndani yake, jicho.

Jicho la mtu. La kahawia, lenye kope, limechorwa kwa mkono. Linanitazama.

Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Nikaliamkia. Nimebatizwa kwenye lile birika la mawe hatua sita kutoka hapo. Baba yangu pia, na baba yake. Tumeoana hapa, tumezikana hapa, na muda wote huo jicho hili lilikuwa gizani, liko wazi. Nimesimama mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndipo nikakumbuka nani atalaumiwa. Nikachukua ubao wa namba za nyimbo, nikaupigilia misumari juu yake. Minne. Mirefu.

Jumapili, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Ubao sasa uko nyuma ya nguzo, kwa hiyo nusu ya waumini hawakuuona. Upande wa kulia wakaimba wimbo wa mavuno, upande wa kushoto wakaimba wa mazishi. Kinanda kikasita, kikaenda na wenye mazishi. Nikaimba kwa nguvu zaidi ili watu wasigeuke kutafuta namba. Wakageuka.

Katikati ya sala, ukuta ukalia krrr. Misumari yangu! Ubao ukaanguka, na chokaa ikafuata, shuka zima, kutoka darini hadi kwenye mabenchi. Vumbi likajaa kanisani. Lilipotulia, alikuwa amesimama pale.

Mwanamke. Mwenye jicho lile, amechorwa ukutani, mkubwa kama sisi. Kitambaa cheupe kichwani, gauni jekundu, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, ameshika mchi wa pipa la kusukia siagi. Wekundu ule! Kama umepakwa jana.

Mchungaji aliiacha sala katikati na hakuirudia. Ragnhild alinishika mkono. Nadhani hakujua ni mkono wa nani.

Baadaye mchungaji aliuliza nani alipiga misumari pale. Nikasema mikono yangu iliongozwa. Akasema kuanzia leo iongozwe kwenye ufagio tu.

Jumatatu, 14 Septemba

Pipa la siagi! Nimetengeneza siagi miaka arobaini na moja. Ushahidi gani zaidi? Kwa muoka mikate nimetangaza kwamba mwanamke yule ni bibi wa ukoo wa Brask. Watu kumi na wawili wamenisikia.

Amefika mtaalamu wa makumbusho, Ellinor Krag. Anakwangua chokaa kwa kisu kidogo, upana wa ukucha kwa saa. Nimeruhusiwa kumletea kahawa. Ngazi sikuruhusiwa kuigusa.

Jumatano, 16 Septemba

Sehemu iliyobaki imefunguliwa. Kando ya pipa yuko shetani. Ana pembe, ana meno, naye anasaidia kusuka. Ellinor alieleza mbele ya kijiji kizima: mwanamke huyu alitaka siagi nyingi kuliko majirani zake, basi akakubali msaada wowote.

Ragnhild akanigeukia. "Bibi yako tumeshamjua, Thorvald. Na huyu mwenye pembe ni mjomba?"

Hata mchungaji alicheka. Nikatoka kwenda kufagia majani. Hayakuwa mengi.

Ragnhild akanifuata. Nikamwambia aniache. Akasema ana swali la kweli, maana yeye siagi anaijua kwenye mkate tu. Je, yule mwanamke anashika mchi sawasawa?

Tukarudi ndani. Nikatazama, safari hii bila kutafuta jina. Nikamwonyesha: mkono wa juu unaongoza, wa chini unasukuma, nyonga ya kushoto imeegemea pipa. Mama yangu alisimama hivyohivyo siagi ilipokaribia kushika, mgongo unapouma. Aliyechora hakubuni. Alimtazama mtu aliyechoka, akamtazama vizuri.

Ragnhild akafuta miwani yake. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni.

Jumapili, 20 Septemba

Askofu, watu hadi mlangoni. Ragnhild alieleza mimbari, birika, mnara. Alipofika ukuta wa kaskazini akafunga karatasi zake. "Hapa anajua Thorvald. Njoo, bwana, usijifiche."

Nikaenda. Nikawaonyesha mikono, nyonga, mgongo. Askofu akajaribu kwa fimbo yake. Kisha sote tukamtazama yule mwanamke, naye akatutazama. Karibu miaka mia tano yuko ukutani pale. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile, wala kufurahi hivyo.

Sikutaja ukoo wangu hata mara moja. Nilisahau!

Jumatatu, 21 Septemba

Nimeamka mtu mpya. Majivuno yamekwisha. Majina ni nini? Vumbi tu.

Ila leo, nikinunua mkate, ilinitoka mdomoni kwamba kengele kubwa ya mnarani ilitolewa na Jens Brask na jina lake limo upande wa ndani. Muoka mikate amemwambia mchungaji, mchungaji amempigia askofu simu. Wanapanda wote Ijumaa kulisoma.

Nina siku nne. Nani ana patasi?