YAH: Dakika Tano za Kumkata Paka Kucha

Ndugu Afisa Mifugo wa Kata,

Shikamoo. Sisi hapa nyumbani tu wazima, isipokuwa ngozi.

Mimi ni Teofili, mkulima wa mpunga, yule aliyekaa mbele mkutanoni akiandika kila ulichosema. Ulisema kupunguza kucha za paka nyumbani ni kazi ya dakika tano. Nikaamini, maana mke wangu Agnella alikuwa amekwisha kutamka: "Hiki ni chandarua cha tatu kuchanwa. Ama kucha ziondoke, ama paka aondoke, na wewe unayemtetea umsindikize." Paka mwenyewe anaitwa Diwani, kwa kuwa tunamwona wakati wa ubwabwa tu. Lakini ndiye anayeyalinda magunia yangu dhidi ya panya, na kwa kweli nampenda.

Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ulielekeza paka aviringishwe kwenye kitenge. Tulimviringisha. Alitokea upande wa pili na nusu ya kitenge. Kilikuwa sare ya kwaya. Jumapili Agnella ataimba sauti ya pili akiwa amejificha nyuma ya besi.

2. Nilimwita jirani yangu Seni, Msukuma anayeangusha fahali peke yake. Alikuja akicheka: "Huyu? Huyu si hata ndama!" Aliondoka kwa kuruka ua, na geti lilikuwa wazi. Tangu hapo nikimsalimia anajibu akiwa mbali: "Teofili, mimi ni mtu wa ng'ombe."

3. Ulisema paka ana kucha kumi na nane. Mgongoni kwangu Agnella amehesabu mistari arobaini na miwili. Naomba takwimu zako zihakikiwe.

4. Zahanatini, muuguzi aliniuliza kwa huruma kama haya yalinikuta kwa chui, msituni kule juu ya Sanje. Nikamwambia hapana, sebuleni.

5. Baada ya kuhangaika kwa muda wa saa tatu na nusu tulifanikiwa kukata ukucha mmoja. Ulikuwa wa kwangu, wa dole gumba.

Kwa hiyo naomba mojawapo ya yafuatayo. Diwani aandikishwe kuwa ng'ombe, ili apitishwe kwenye kibanio cha josho kama wenzake. Ikishindikana, uje mwenyewe na dakika zako tano. Tutakupa chai, na ngazi ya kuvukia ua. Na hilo likishindikana, sebule yangu itangazwe kuwa hifadhi ya wanyamapori, sisi wavamizi tuhame kwa amani, tupewe siku saba za kutoa makochi.

Nisalimie wote ofisini, mama watoto, na kuku wako wa mayai.

Wako mtiifu, mwenye bandeji,
Teofili

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mama mkwe wangu, Bibi Natalia, ameingia kutoka Uchindile kwa treni. Alipoketi, Diwani akampandia mapajani na kusinzia. Bibi akaomba kikata kucha. Huku akimsimulia Agnella habari za msiba wa huko, alibonyeza kidole kimoja kimoja, ukucha ukichomoza anakata ncha nyeupe tu, anaendelea na msiba. Zote kumi na nane. Nilitazama saa ya simu: dakika nne. Paka alikuwa anakoroma.

Nikamweleza yote tuliyopitia, kitenge, Seni, zahanati. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa baba, mlikuwa mnamkamata wa nini?"