Kinanda Kinachojipigia Ngoma

Jumatatu, 10 Juni 1996

Nimekipata! Kinanda cha umeme, kipya kabisa, dukani kwa Lukmani. Nimempa gitaa langu na redio ya nyumbani. Yeye kanipa kinanda, waya wake na kitabu cha maelekezo. Unagusa kibao kimoja kwa kidole kimoja, ngoma zinalia, besi inaunguruma, tarumbeta zinaitikia. Bendi nzima ndani ya boksi. Haichelewi mazoezi.

Scola, mke wangu, kauliza redio iko wapi. Nimesema iko kwa fundi.

Jumamosi ni harusi ya Sayi, binti wa Maganga. Maganga ndiye aliyekuwa mpiga dramu katika bendi yetu ya shirika la umma. Miaka kumi na moja tulipiga pamoja, mimi mbele na gitaa, yeye nyuma. Mwaka juzi shirika likavunjwa, bendi ikafa nalo, kila mtu akaondoka na chombo chake. Maganga ameomba tupige wawili harusini. Nilikubali, lakini nilikuwa sijakiona kinanda.

Jumanne, 11 Juni

Kitabu ni cha Kijapani na Kiingereza. Picha ni nzuri. Midundo iko mia moja, kila mmoja na namba yake. Nimejaribu arobaini ya kwanza. Mingi ni ya nchi za baridi. Hata sisi Sumbawanga tuna baridi, lakini hatuchezi hivyo.

Rumba nimeipata mchana: namba 63. Tatizo ni moja. Ngoma zikianza, sijui zinazimwaje. Nachomoa waya. Nikiurudisha, kinanda kinarudi namba moja, na namba moja ni gwaride.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda Izia kwa Maganga. Nilimkuta uani akifuta vumbi dramu zake, moja moja, kwa kitambaa chenye maji. Sayi akaniamkia shikamoo, akaleta chai. Nikaeleza kwa upole kwamba baba wa bibi harusi hakai nyuma ya dramu akitoka jasho. Mahali pake ni meza kuu. Halafu kinanda kina ngoma zake. Nikamwambia si kwamba hafai, ni mabadiliko tu.

Alikikamua kitambaa. Kisha akauliza kama hicho kinanda kinajua kumsubiri mtu anayecheza. Sikuelewa swali. Nikajibu kinajua kila kitu.

Njiani nikakumbuka: maneno yale ya mabadiliko ndiyo aliyotusomea meneja siku ya kufunga shirika. Alikuwa anajua kuongea, yule meneja.

Ijumaa, 14 Juni

Scola alikwenda dukani kwa Lukmani kununua sabuni. Akaiona redio yetu rafuni. Hakugomba. Aliweka ugali mezani, akauliza kama kinanda kinasoma taarifa ya habari.

Jumamosi, 15 Juni

Ukumbi ulijaa. Jenereta nje. Mimi na suti yangu ya bendi.

Mwenyekiti wa kamati alipokuwa akiomba, mkono wa koti langu ukagusa swichi za namba, kisha vibao. Samba! Watu wakafumbua macho. Nikachomoa waya. Amina ilikuja mapema.

Nikaurudisha, nikaweka 63. Sayi akaingia akimshika mkono bibi yake, mama mzazi wa Maganga. Bibi anatembea kwa fimbo: hatua, pumziko, hatua. Rumba ikawapita, ikaendelea mbele peke yake. Halafu jenereta likakohoa, taa zikafifia, zikarudi. Kinanda nacho kikarudi. Gwaride. Bibi alijaribu kulifuata, akayumba, Sayi akamdaka. Nilibonyeza kila swichi. Mwendo ukazidi kuwa wa kasi.

Maganga akainuka meza kuu. Akavua koti. Akachomoa waya yeye mwenyewe, akageuza kreti tupu la soda, akaanza kulipiga kwa viganja. Taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye miguu ya mama yake. Bibi akiinua mguu, anamngoja; akiutua, anapiga. Wanawake wakaanza vigelegele. Bibi alifika mbele anacheza, na fimbo kampa Sayi.

Baadaye Maganga alinikuta nakunja waya nje.

“Eustace, mimi sikutaka kupumzika,” alisema. “Nilitaka kumpigia mwanangu, basi.”

Nikasema nimesikia.

Jumapili, 16 Juni

Sijakigusa kinanda leo. Nimewaza sana. Miaka kumi na moja nilimpa Maganga mgongo, maana gitaa hukaa mbele. Jana ndiyo mara ya kwanza nimemwona akipiga. Kumbe muda wote ule alikuwa anaitazama miguu ya watu, na miguu yangu pia. Mimi nilidhani naongoza.

Scola anasema niende nikamwombe radhi. Nitakwenda. Safari hii bila maneno ya meneja.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi nilipita dukani. Fahadi, mdogo wake Lukmani, anasoma Kiingereza vizuri, akanifafanulia kitabu. Ipo swichi nyekundu. Ukiibonyeza, kila kibao kinakuwa dramu moja. Mtu akipiga mdundo wake kwa vidole, kinanda kinauhifadhi, kinaurudia mwaka mzima ukitaka. Mdundo wa mtu yeyote!

Nikaenda Izia moja kwa moja. Nikamwomba Maganga radhi, na niliomba kwa moyo. Nikamkaribisha kwangu Alhamisi, tupige pamoja kama zamani. Yeye ndiye akae kwenye kinanda. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema labda alikionea kile kinanda, atakuja mapema.

Scola kaniuliza kama Maganga anajua habari za swichi nyekundu. Nimemjibu nitamwambia Ijumaa.